Mstari wa Kantroli

Kidole cha shahada cha Sonmati Devi kilikuwa cheusi tangu ujana wake na hakikuwahi kutakata, akisugue kwa majivu, akisugue kwa sabuni ya kufulia. Ni kidole cha wanja. Bibi yake alipika wanja, mama yake alipika wanja, na watoto wote wa mtaa wetu wa Semrahi, huku nyuma ya chuo cha kilimo, walipakwa wanja wao wa kwanza kwa kidole hicho, siku ya sita baada ya kuzaliwa, ili jicho baya liwapite. Wengine sasa wana ndevu, na bado wakimwona njiani wanainamisha uso kama wanaotaka kupakwa.

Wanja wenyewe hauna siri. Unasokota utambi wa pamba, unautia kwenye kibakuli cha mafuta ya haradali, unawasha. Unasimamisha matofali mawili ubavuni, juu unafunika sahani ya shaba. Moshi unagonga sahani, masizi yanashika. Ukiyakwangua na kuyachanganya na samli, umepata wanja. Ukiyakwangua na kumpelekea Vimlesh Tiwari bila samli, umepata utafiti.

Vimlesh alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu chuoni, mwaka wa tatu, mwembamba kama utambi wenyewe. Alikuwa amesoma mahali kwamba masizi ya taa ya haradali yana chembe za kaboni ndogo mno, na kwamba chembe hizo zikioshwa kwa tindikali zinakubali maji, na maji hayo meusi yakinywewa na mbegu ya ngano, mbegu inaamka upesi. Akazunguka maabara zote akitafuta mtu wa kumtengenezea masizi mengi na safi, mpaka mlinzi wa lango akamwambia, wewe kijana unatafuta maji na huku umesimama mtoni. Mwenye masizi yuko hapo kwenye banda la neti la mimea, anapalilia.

Sonmati alikuwa kibarua wa banda hilo mwaka wa kumi na tisa. Anamwagilia, anaosha vyungu, anafukuza shomoro. Wanafunzi wote walimwita Chachi, yaani mama mdogo, na aliyekosa kumwita hivyo alikuta vyungu vyake vimeoshwa mwisho.

"Chembe ndogo kiasi gani?" alimuuliza Vimlesh siku ile ya kwanza.

"Chachi, ukizipanga elfu moja bega kwa bega hazizidi unene wa unywele mmoja."

"Na nani alizipanga?"

"Hakuna aliyezipanga. Tunaziona kwa mashine."

Sonmati alitazama kidole chake. "Kwa hiyo miaka yote hii nawapaka watoto wa watu sayansi machoni, na hakuna aliyenipa hata cheti."

Wakapatana hapohapo. Kila Ijumaa mchana, nyuma ya stoo, Chachi aliwasha taa sita na kukaa kando yake na kitambaa puani, na Vimlesh alikaa naye, mwanzoni kwa ajili ya kuandika dakika, baadaye kwa ajili ya chapati zake na achari ya embe. Alikuwa mtoto wa kwanza kwao, baba yake mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mama yake akimpigia simu mara nne kwa siku kuuliza amekula nini. Sonmati hakujaliwa mtoto. Sitasema zaidi ya hapo, ila atakayesema alimpenda kijana yule kupita kiasi, mimi namjibu kwamba kiasi ni cha chumvi.

Mwezi wa Novemba wakapanda ngano, vyungu ishirini na vinne, mistari miwili. Na siku hiyo ndipo jambo lilipoharibika, kwa neno moja tu.

"Chachi, sikiliza vizuri," Vimlesh alisema. "Mstari wa kulia ndio wa maji meusi. Kila Jumatatu, kila chungu kikombe kimoja. Mstari wa kushoto ni kantroli."

"Kantroli?"

"Kantroli. Hao maji ya kawaida tu, siku zao za maji. Usihangaike nao sana." Simu yake ikalia, akatoka nje kumweleza mama yake kwamba amekula dengu na wali, naam, na mboga pia, naam, na maziwa.

Sasa, kwa wasomi kantroli ni kile kikundi kisichopewa kitu, ili ujue waliopewa wamepata faida gani. Lakini kwetu hapa, tangu enzi za babu zetu, kantroli ni duka la mgawo la serikali. Mtu wa kantroli ni mtu mwenye kadi, anayesimama foleni apimiwe ngano yake na mchele wake, na zamani sukari na mafuta ya taa. Anapewa kidogo, tena chenye mawe, tena na muuzaji mwenye kisirani. Lakini anapewa. Kumnyima mtu wa kantroli mgawo wake ni jambo ambalo mtaa mzima utalisema mpaka mazishini kwako.

Sonmati akavitazama vile vyungu kumi na viwili vya kushoto. Akasema, "Maskini wa Mungu."

Yeye kantroli anaijua. Alipokuwa mdogo, baba yake alipokwenda kuandikisha kadi, aliandikisha wana wake watatu wa kiume, akaliacha jina la Sonmati. Alisema binti ni mgeni, ataolewa, kadi ya nini. Basi kila mwezi nyumba ilipata mgawo wa vinywa vyote isipokuwa chake, na yeye akala kwa huruma ya midomo ya wengine. Maziwa walikunywa kaka zake. Mama yake, ambaye hakuwa na sauti lakini alikuwa na akili, alitia maji kidogo kwenye sufuria tupu ya maziwa, akaitikisa, akampa Sonmati yale maji meupe anywe nyuma ya mlango. Alikua kwa maji ya kusuuzia. Na alikua kweli, hata leo akisimama na wanawake wenzake kisimani, wewe utamwona yeye kwanza.

Kwa hiyo "usihangaike nao sana" aliisikia kama mtu wa kadi anavyoisikia: hawa ni wa kidogo. Sawa, kidogo basi, lakini kwa wakati wake. Kila Jumatatu alipomaliza kuugawia mstari wa kulia yale maji meusi, alitia bilauri moja ya maji safi kwenye lile galoni tupu la maji meusi, akalitikisa mara tatu, akaugawia mstari wa kushoto kwa kijiko cha supu, kijiko kwa chungu, bila kupendelea.

"Haya, watu wa kantroli," aliwaambia. "Foleni. Wewe wa mwisho usisukume."

Hakuficha. Hakukuwa na la kuficha. Vimlesh alikuwa na madarasa Jumatatu, alikuja Alhamisi na rula yake na daftari lake, na ngano haiandiki barua.

Ikafika Februari. Mashuke yakaanza kuchomoza, na mtu asiyejua kusoma angeweza kusoma mistari ile. Mstari wa maji meusi ulikuwa umesimama, lakini ncha za majani zilijikunja na kugeuka manjano. Mstari wa kantroli ulikuwa wa kijani kizito, mabua mazito, mashuke marefu. Sonmati alijivuna nao kama bibi wa mapacha kumi na wawili.

"Umewaona wanangu wa kantroli?" alimwambia Vimlesh. "Hawa hawakudeka. Wale wenzao umewalisha mpaka wamevimbiwa."

Vimlesh alicheka kicheko cha mtu mwenye jino bovu, akapima tena, akaandika tena. Ijumaa iliyofuata hakugusa chapati. Iliyofuata tena alikaa juu ya gunia la mbolea na simu yake ikalia mpaka ikachoka.

"Umegombana na mama yako?"

"Hapana, Chachi."

"Basi kuna msichana."

"Ingekuwa msichana ingekuwa nafuu."

Sasa lazima niseme habari ya barua ya ajira, maana bila barua hii hadithi ingekuwa rahisi. Mwaka huo jina la Sonmati lilikuwa limeingia kwenye orodha ya vibarua watakaoandikwa kazi ya kudumu. Miaka kumi na tisa alikuwa akiahidiwa. Mfanyakazi wa kudumu anatibiwa zahanati ya chuo, yeye na mumewe, mpaka mwisho wa maisha yao. Na mume wa Sonmati, Jokhan, alikuwa amefanya kazi tanuri la matofali miaka thelathini, na tanuri lilikuwa limehamia kifuani mwake. Akipanda ngazi tatu anakaa. Ilibaki sahihi ya Madam Katiyar tu, mkuu wa idara, na angeitia baada ya siku kumi.

Madam Katiyar hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Mwaka uliopita kibarua mmoja alibadilisha vibandiko vya vyungu viwili kwa uzembe, na alipoulizwa akaapa kwa mama yake kwamba ni panya. Jua halijazama alikuwa ameshatoka langoni na nguo zake.

Jumanne moja Madam alikuja bandani. Sonmati alikuwa amechutama nyuma ya mstari wa kushoto, anang'oa magugu, haonekani.

"Vimlesh, kantroli ni ya nini?" Madam aliuliza.

"Ya kulinganishia, Madam."

"Wanapewa nini?"

"Maji matupu, Madam."

"Maji matupu." Alishika shuke moja la kushoto, akaliachia. "Na maji matupu yamekushinda. Kwa kimo yamekushinda, kwa mashuke yamekushinda, kwa rangi usiseme. Masizi yako hayaisaidii ngano, yanaidhuru."

"Kwenye visahani vya maabara mbegu ziliota upesi, Madam. Mara tatu nimerudia."

"Mkulima halimi visahani. Andika kwamba hayafai, funga. Aprili tutakutafutia mada nyingine."

"Madam, ufadhili wangu unaisha Julai."

"Najua," Madam alisema, kwa sauti ya mtu anayejua kweli, akaondoka.

Nyuma ya vyungu Sonmati alikuwa na gugu mkononi na hakumbuki amelishika tangu lini. Maji matupu. Yaani hawa hawakuwa wa kidogo. Hawa walikuwa wa hakuna kabisa, kama yeye kwenye kadi ya baba yake, na yeye aliwalisha, na kwa kuwalisha amemvunjia mtoto nyumba yake. Akakaa chini kwenye tope.

Jioni hiyo Jokhan alionja dengu, akaweka kijiko.

"Umetia chumvi mara mbili."

"Kula."

"Sonmati. Mke wangu hatii chumvi mara mbili. Nani amekufa?"

Akamweleza yote. Jokhan alisikiliza akiwa ameegemea kitanda cha kamba uani, mkono kifuani, alivyozoea.

"Sasa?" alisema. "Ngano ina mdomo?"

"Mimi nina mdomo."

"Ufunge siku kumi. Kumi tu. Barua ikitiwa sahihi, siku hiyohiyo mwendee umweleze, umlilie, umpake wanja ukitaka. Nani amekuambia usiseme? Nimesema ngoja."

"Kesho kutwa anang'oa ngano, Jokhan. Amekwisha kuambiwa afunge. Nikingoja siku kumi nitamweleza nini, mabua makavu?"

"Yule msomi. Atapata kazi nyingine." Akaanza kukohoa, na kikohozi kilipomshika kilimtikisa mpaka kamba za kitanda zikalia, na kilipomwachia alisema polepole, "Sisi kifua kingine tutakipata wapi?"

Jokhan mimi simlaumu. Asiyewahi kukosa pumzi ndiye atakayemlaumu. Sonmati naye hakumlaumu, alimletea maji ya moto yenye tangawizi, akamsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Alimpenda mtu yule tangu siku walipoozwa wakiwa hawajuani hata sura. Lakini alipokuwa anamsugua, alikuwa anaona gunia la mbolea na mtoto aliyekaa juu yake, na simu inalia, na mama upande wa pili anataka kujua amekula nini.

Asubuhi aliingia ofisini kwa Madam bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkono mmoja galoni tupu, mkono wa pili bilauri, kijiko cha supu kimechomekwa kiunoni kwenye sari. Vimlesh alikuwa mle ndani na fomu ya kufungia kazi mbele yake.

"Madam, nimewalisha," alisema.

"Umewalisha akina nani?"

"Watu wa kantroli. Kila Jumatatu. Nilisuuza galoni la maji meusi nikawapa. Tangu Novemba."

Vimlesh aliinua kichwa. Madam alivua miwani.

"Nani alikuambia uwape?"

"Hakuna. Niliambiwa ni kantroli." Na Sonmati alipoona hawaelewi, akaona hasira kidogo, kwa sababu kweli, watu wazima na shahada zao. "Kantroli, Madam. Mtu wa kantroli si ana mgawo wake? Mdogo, lakini si anao? Mimi nikaona huyu mtoto ni wa Brahmini, watu wa tabaka la juu, labda kwao hawajui foleni, ameniachia mimi niwagawie."

Halafu Vimlesh akaweka kipaji cha uso juu ya meza na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Nadhani yeye pia hakujua.

"Unacheka nini?" Madam alimwambia. "Ni wewe uliyemwambia kantroli." Akageuka dirishani. "Bibi yangu alinituma kantroli kila mwezi na chupa ya mafuta ya taa. Nilichukia foleni ile. Na neno hilohilo nimelitamka mbele ya vibarua miaka ishirini na minane, sikuwahi kuuliza wao wanasikia nini."

"Madam, nifukuze mimi, lakini asifunge kazi yake," Sonmati alisema. "Yeye hana kosa. Maji matupu hayakumshinda. Yaliyoshinda ni masizi yaleyale, ila kidogo."

Nilisema Madam alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Mtu wa namna hiyo akisikia jambo la maana hulifuata mpaka linakoishia. Alirudi kwenye meza, akavaa miwani.

"Kidogo kiasi gani?"

"Bilauri moja."

"Nionyeshe."

Wakatoka wote watatu mpaka bombani. Vimlesh akatia maji meusi kwenye galoni, akayamwaga kama yanavyomwagwa. Sonmati akatia bilauri yake, akatikisa mara tatu, akagawa kwa kijiko kwenye vikopo kumi na viwili. Vimlesh akachukua sampuli. Akamwambia rudia. Akarudia. Akamwambia tena. Mara tano, na kule maabara zile sampuli za mara zote tano zilitoka karibu sawa, kwa sababu mkono uliosuuza kitu kimoja kwa namna moja maisha yote haukosei. Ilikuwa kama sehemu moja ya arobaini ya kile walichopewa wale wa kulia.

"Arobaini," Vimlesh alisema, akiangalia karatasi. "Nilikuwa nawanywesha mara arobaini, Chachi. Nilikuwa nawapa sumu."

"Nilikuambia wamevimbiwa."

Lakini msimu ule ulikuwa umekufa kwa upande wa vitabu. Bila kikundi kisichopewa kitu huwezi kudai chochote, na Madam aliandika hivyo, na aliandika kwa nini. Jina la Sonmati lilimbidi alitaje. Ofisi kuu wakalisoma, wakasema kibarua mwenye kosa la kazi mwaka huu hawezi kuandikwa mwaka huu, wakalikata kwa mstari. Madam alimwita akamwambia mwenyewe, amesimama.

"Niliandika pia kwamba ulikuja kusema bila kuulizwa. Fomu yao haikuwa na kisanduku cha kuliweka hilo."

"Madam umefanya haki," Sonmati alisema, akaenda nyuma ya stoo akalia sana, akaosha uso, akaosha vyungu.

Jokhan hakusema naye siku mbili. Ya tatu aliomba chai. Ya nne alisema, akiangalia ukutani, "Kwa hiyo ni kweli yule mtoto alikuwa anawapa mara arobaini?" na Sonmati akajua yameisha.

Madam alimwombea Vimlesh msimu mmoja zaidi, kwa barua za ukali ambazo naambiwa ofisi bado wanaziogopa. Novemba ikarudi. Safari hii mistari mitatu. Vimlesh aliandika vibandiko kwa mkono wake, herufi kubwa: KAMILI, MGAWO, SIFURI. Neno kantroli halikutamkwa tena bandani.

"Mwekeni mtu mwingine kwa hawa wa sifuri," Sonmati alimwomba Madam. "Mimi siwezi. Najijua."

"Ni wewe au hakuna. Watu wa kumwagilia ninao. Wa kuniambia asiloulizwa ninaye mmoja."

Akafanya. Kila Jumatatu alisuuza galoni, akaugawia mstari wa mgawo kijiko kwa kijiko, kisha akalisuuza galoni mara tatu zaidi na kumwaga yale maji nje kwenye mwarobaini. Kisha akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Ndipo akaenda kwa watu wa sifuri na ndoo ya maji matupu, na hapo hakuweza kuwatania. Wale wa mgawo aliwaambia foleni. Hawa aliwaambia, "Nisameheni, wanangu. Jina lenu halikuandikwa." Mara moja Vimlesh alimkuta amesimama katikati ya mistari, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, ameishika hasa, kama mtu anayemzuia mtu. Vimlesh alichukua ndoo akamwagilia yeye siku hiyo.

Na watu wa sifuri wakakua. Si kama wenzao wa mgawo, walionenepa kuliko hata mwaka uliopita, lakini walikua, wakatoa mashuke mafupi yaliyonyooka, wakaiva kwa wakati wao. Waliozidiwa kabisa ni wa kamili. Aprili walipovuna na kupima, Vimlesh alirudia hesabu mara mbili, akampigia simu mama yake, kabla yeye hajampigia.

Wiki hiyohiyo barua ya Sonmati ilikuja, imekunjwa vibaya, jina lake limekosewa herufi moja. Jokhan, asiyejua kusoma, aliishika mbele ya macho yake nusu saa, akaigeuza, akaishika tena. Asubuhi yake alikwenda zahanati kwa baiskeli ya jirani, amekaa nyuma, amevaa shati la harusi.

Sasa, ngano iliyokunywa masizi hailiwi. Ndiyo sheria ya idara, mpaka ijulikane kama zile chembe zinapanda mpaka kwenye punje au zinabakia mizizini. Mavuno ya mgawo, mazuri vile, yalitiwa kwenye mifuko, yakafungiwa kabatini. Ya kamili vilevile. Baada ya kila punje kupimwa, ngano pekee ambayo mtu angeweza kuitia kinywani ilikuwa ya sifuri, na Madam akasema, "Hiyo mpeni Chachi."

Ilijaa bakuli moja kubwa. Sonmati aliipepeta, akaisaga kwa jiwe la mama yake, kinu cha mashine asingekiamini kwa ngano ile. Jumapili aliwaalika. Madam Katiyar alikuja na kiti chake mwenyewe, akaona watu wamekaa chini, akakiegemeza ukutani akakaa chini. Vimlesh alileta maziwa ya mgando. Unga ulitosha chapati saba.

Ya kwanza akampa ng'ombe wa jirani, ndivyo inavyotakiwa. Ya pili akaiweka kwenye sahani ya Madam, ya tatu akaisogeza kwa Vimlesh, akaishika ya nne kwenda kwa Jokhan. Yeye angekula mwisho, kando ya majivu ya jiko, alivyokula miaka hamsini na saba.

Jokhan hakuipokea. Alimshika mkono, akakata kipande, akakiweka kwenye kiganja cha mkewe.

"Kaa chini," alimwambia. "Leo foleni inaanzia kwako."

Sonmati alitazama huku na huku. Madam hakuwa amegusa chake, Vimlesh hakuwa amegusa chake, wote wanamngoja yeye. Akakaa. Akakishika kile kipande kwa kile kidole cheusi na gumba, akakitia kinywani, akatafuna kwa muda mrefu kuliko kipande kilivyohitaji, na machozi yakimtoka wazi bila kuyafuta.

"Vipi?" Jokhan aliuliza.

"Tamu," alisema. "Inataka chumvi kidogo."

Vimlesh akainuka kwenda kuileta.